Muuzaji Asiyeuza Kitu

Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye ukingo kabisa wa benchi la mahabusu, kama mtu aliyeambiwa ataitwa sasa hivi atoke. Hakuna aliyemwita. Alikuwa hapo tangu mwanzoni mwa wiki, na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimepoteza hata rangi.

Inspekta alivuta kiti cha plastiki akakaa mbele yake, kisha akavua viatu bila kuomba radhi. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amebakiza kidogo astaafu, na askari vijana pale kituoni walimwita Shangazi, hata wale aliowakemea asubuhi.

"Dada yangu," alisema, "tuanze tena."

"Tuanze tena wapi, afande? Mimi ni fundi cherehani. Nashona mashuka ya hospitali. Nashona na mapazia. Mtu akichaniwa suruali namshonea. Maji ya dripu nimeyaona siku nilipolazwa na malaria."

"Karatasi inasema umewauzia."

"Basi karatasi ije ishone."

Koplo aliyesimama mlangoni alitaka kucheka, akajizuia. Inspekta hakumlaumu. Kesi yenyewe ilikuwa hivi: wodi ya wazazi ya hospitali kubwa ya mji ilikuwa imewatundikia kina mama kadhaa maji ya dripu, na jioni hiyohiyo wote wakapandwa na homa ya kutetemeka. Mmoja wao, aliyekuwa amejifungua pacha, hakuamka. Chupa hizo, zenye kifuniko cha kijani, zilipopimwa zilikutwa na vijidudu vya kutosha kuua ng'ombe. Mkuu wa manunuzi wa hospitali alikuja kituoni mwenyewe, suti imenyooka, na ankara mkononi. Kwenye nafasi ya muuzaji palikuwa na jina la Mama Pindo, namba yake ya mlipakodi, na mtaa anaokaa. Wakamfuata wakamkuta na sindano mdomoni.

Kilichomnyima Inspekta usingizi kilikuwa kingine. Ankara ilitaja katoni nyingi, lakini stoo ya hospitali zilikutwa chache tu. Nyingine hazikujulikana ziko wapi. Zote ziliaminika zimetundikwa mahali fulani, juu ya kichwa cha mtu fulani.

"Ukiniambia umezipata kwa nani," alisema, "naweza kuokoa watu."

Mama Pindo alimwinulia uso. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Ningekuwa najua, dada, ungeniuliza mara moja tu."

Inspekta alivaa viatu. Kwenye korido, mume wa marehemu alikuwa amekaa palepale alipokuwa jana, kofia magotini. Hakuomba chochote. Alikuwa anakuja kila siku kuutazama mlango wa mahabusu.

"Amesema?" aliuliza.

"Bado."

"Atasema. Muuaji hawezi kukaa na siri tumboni."

Inspekta alipita akamgusa bega.

*

Kampuni iliyosafirisha ankara za kielektroniki za hospitali ilikuwa ghorofa ya juu, na lifti ilikuwa imekufa. Walipofika, Koplo alikuwa anahema na Inspekta alikuwa amenyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Mhandisi wa mfumo aliwapokea na mafua. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye boksi la karatasi laini kwapani, na aliomba wasikae karibu naye.

Inspekta akampa ile karatasi ya mkuu wa manunuzi. Mhandisi aliishika kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine.

"Hii ni picha tu," alisema.

"Ni ankara."

"Ni picha ya ankara. Binadamu wanasoma picha. Mashine hazina habari nayo, zinasoma hivi." Aliigeuza skrini. Badala ya ukurasa wenye nembo na mistari mizuri, palikuwa na orodha ndefu ya visanduku, kila taarifa na chake. "Mnunuzi ana visanduku vyake, bidhaa zina vyake, na muuzaji ana vyake. Jina lililosajiliwa hili hapa. Hapa kuna jina la biashara, kama analo. Namba ya mlipakodi, anwani ya mtaa, halafu anwani ya kielektroniki."

"Kipi kinamtambulisha?"

"Namba. Majina yanafanana, watu wanayakosea, wengine wanayapamba. Namba ni ya mtu mmoja tu."

"Na namba hii ni ya fundi wetu?"

"Ni yake. Hilo halina ubishi."

Koplo akafunga kijitabu chake. "Basi Shangazi, tumemaliza."

Inspekta hakusogea. Aliitazama skrini kwa jicho la mtu aliyesoma maelezo ya mashahidi maisha yake yote, na kwenye maelezo ya mashahidi kuna swali ambalo huulizwa kabla ya mengine yote: nani ameshika kalamu?

"Mhandisi. Hivi visanduku vinasema muuzaji ni nani. Je, vinasema nani ameandika?"

Mhandisi alikuwa karibu kupiga chafya. Chafya ikarudi ndani.

"Hilo ni swali jingine," alisema taratibu, akapandisha orodha hadi juu kabisa. "Aina ya ankara. Subiri... Hii hapa. Hii haikuandikwa na muuzaji. Imeandikwa na mnunuzi kwa niaba ya muuzaji."

"Sema kama unamwambia mama yako."

"Kuna wauzaji wadogo, mtu wa mboga, fundi, hawana kompyuta. Sheria inamruhusu mnunuzi awaandikie. Muuzaji anasaini makubaliano mara moja, na kuanzia hapo hospitali inajiandikia ankara yenyewe na kuweka jina lake kama muuzaji."

"Kwenye karatasi mbona haipo?"

"Aliyewatengenezea hospitali ile picha hakuweka hicho kisanduku. Labda aliona hakina maana."

Koplo alikuwa amefungua tena kijitabu. "Kwa hiyo hospitali imejiuzia dripu?"

"Hospitali imejiandikia kwamba imeuziwa," alisema Inspekta. "Nani hasa, mhandisi?"

"Ofisi ya manunuzi. Mbele ya hapo siwezi kukuambia. Wote wanaingia kwa jina moja na neno la siri moja. Nimewaandikia wabadilishe mpaka nimechoka."

Inspekta alishika tama. Hapo njia ilikuwa imekata. Ofisi ile ilikuwa na mkuu, karani wa ankara na mtunza stoo, na kila mmoja angeapa kwamba ni mwenzake. Alijiona ameshakaa nao, saa baada ya saa, chai inapoa. Alikuwa anainuka, mkono kiunoni, alipouliza swali la mwisho, zaidi kwa mazoea kuliko kwa matumaini.

"Ilipita moja kwa moja? Haikuwa na tatizo lolote?"

Mhandisi alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Ilikataliwa."

Inspekta akakaa.

"Ilitumwa mchana, mfumo ukaikataa. Mfumo unalinganisha namba ya mlipakodi na anwani iliyoko kwa watu wa kodi. Zisipofanana hauipokei. Waliandika mtaa fulani, na mtaa huo ni wa zamani. Muuzaji alikuwa amehama. Jioni wakaituma tena, ikapita."

"Na mtaa mpya?"

"Na mtaa mpya, namba ya nyumba na kila kitu."

"Huo mtaa mpya mliwaonyesha nyinyi?"

"Hapana. Mfumo unasema tu 'anwani si sahihi'. Hauruhusiwi kusema iliyo sahihi ni ipi. Ingekuwa hivyo kila mtu angechungulia makazi ya mwenzake."

"Na watu wa kodi wangeweza kuwaambia?"

"Kwa barua, na barua hujibiwa baada ya wiki kadhaa. Siyo mchana mpaka jioni."

Walishuka ngazi. Katikati ya njia Koplo alisema wamkamate karani, maana ndiye anayeandika ankara.

"Tumeshamkamata mtu mmoja kwa sababu jina lake limeandikwa mahali," alisema Inspekta, ameshikilia reli. "Huyo mmoja ananitosha."

*

Safari hii hakuvua viatu.

"Mama Pindo, ulihama lini?"

"Mwezi uliopita. Mwenye nyumba alitaka chumba ampe mwanawe anayeoa. Nikaenda na kwa watu wa kodi nikabadilisha mtaa, wasije wakasema nimekimbia." Alicheka kicheko kisicho na meno wala furaha. "Nilijiona mjanja kweli."

"Nani alijua umehamia wapi?"

"Mdogo wangu, aliyenisaidia kubeba mashine. Na majirani wapya, bado hata sijawazoea."

"Hospitali?"

"Mashuka nawapelekea mwenyewe. Kwangu wafuate nini?"

"Fikiri. Hakuna aliyekupigia simu kukuuliza?"

Mama Pindo alianza kutikisa kichwa, kisha kichwa kikasimama.

"Alinipigia bosi," alisema. "Bosi wa mapazia."

"Bosi gani?"

"Mkuu wa pale wanaponunua. Nilimshonea mapazia ya sebuleni kwake, mkewe akasema yanaburuza chini. Akanipigia, fundi umehamia wapi, niyalete uyapunguze. Nikamwelekeza mpaka mlango, rangi ya geti, kila kitu. Nikafagia, nikapiga na deki. Hakuja."

"Siku gani?"

"Siku nakumbuka wapi? Simu yangu mnayo wenyewe."

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa vitu vya mahabusu, pamoja na futi ya kupimia na pipi mbili. Koplo aliichaji. Walipata jina: Bosi Mapazia. Alikuwa amepiga siku ileile ankara ilipotumwa, alasiri, baada ya kukataliwa na kabla ya kupita.

Koplo alipiga mluzi.

"Usipige mluzi," alisema Inspekta. "Atasema alikuwa anataka mapazia. Mwache kwanza aseme mwenyewe kwamba hamjui."

*

Ofisi ya mkuu wa manunuzi ilikuwa na feni na kiyoyozi, vyote vinafanya kazi, na Inspekta aliyekuwa amelowa jasho alikiri moyoni kwamba angeweza kulala hapo kwenye zulia. Mkuu aliwapa maji baridi. Alikuwa mtu wa heshima, sauti ya chini, mikono iliyotulia.

"Amekiri yule mama?"

"Bado anasumbua. Ndiyo maana tumekuja. Wewe unamwelezaje? Ni mtu wa namna gani?"

"Mimi?" Mkuu alitabasamu. "Inspekta, wauzaji wadogo siwajui hata kwa sura. Kwangu wanafika kama karatasi."

"Hamjawahi kuongea?"

"Na fundi wa mashuka? Tuongee nini?"

"Hata kwa simu? Nauliza tu niandike. Mwanasheria wake atauliza."

"Andika hapana."

Koplo aliandika hapana. Kalamu ilisikika.

"Tumeambiwa ankara hii iliandikwa hapahapa ofisini," Inspekta aliendelea, sauti ileile ya uchovu, "kwa niaba yake."

Mikono ya mkuu ilibaki imetulia, lakini sasa ilikuwa imetulia kwa nguvu. "Inawezekana. Ni utaratibu wa wauzaji wadogo. Karani wangu ndiye anayeshughulika nazo. Kusema kweli, Inspekta, nilikuwa naona haya kulisema, lakini yule binti... nina wasiwasi naye. Ana ndugu wanafanya biashara ya dawa."

"Siku ile karani alikuwa kijijini kwao, anamzika baba yake. Ruhusa umesaini wewe."

"Basi mtunza stoo. Sote tunatumia neno moja la siri."

"Ndiyo, tumesikia."

Inspekta alitoa simu ndogo mfukoni, ya vitufe, iliyofungwa mpira ili betri isidondoke. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akageukia dirishani kama mtu anayepigia nyumbani kuulizia chakula. Simu ya mkuu ikaita mezani. Mkuu aliiangalia, akaizima sauti kwa kidole gumba.

"Samahani," alisema.

"Ungepokea tu. Ni mimi nakupigia."

Feni ilizunguka. Kwenye kioo cha simu iliyokuwa inatetemeka mezani jina lilisomeka vizuri hata kwa Koplo aliyekuwa mlangoni: Fundi Mapazia.

Mkuu aliirudisha mikono mapajani. "Mke wangu ndiye... Yule fundi alinishonea mapazia. Hilo si kosa."

"Si kosa. Mbona umesema humjui?"

Mkuu aliigeuza simu kifudifudi.

"Nikusaidie. Katoni zililetwa na mtu asiye na namba, au mwenye namba isiyopaswa kuonekana. Ulihitaji muuzaji wa kujaza visanduku, mtu ambaye hospitali inamwandikia yenyewe, asiyeona kinachoandikwa. Ukamchukua fundi wako. Mfumo ukakukatalia kwa sababu amehama. Ungeiacha hapo. Lakini ukampigia, ukamuuliza anakaa wapi, akakuelekeza mpaka rangi ya geti. Akapiga na deki akikusubiri."

"Nataka mwanasheria."

"Utampata. Simama."

*

Kituoni Mama Pindo alirudishiwa futi yake na pipi zake. Hakumshukuru mtu. Alihesabu pini zilizochomekwa kwenye kola ya gauni, akaona moja imepungua, akasonya. Kisha akatoka kwenye korido na kukutana uso kwa uso na mume wa marehemu.

Mwanamume yule alisimama haraka hata kofia ikaanguka.

"Mnamwachia?"

"Hakuuza kitu," alisema Inspekta. "Waliandika jina lake. Yeye hakujua."

Mume alimtazama Mama Pindo kuanzia kichwani hadi miguuni. Kwa siku zote hizi alikuwa amemchukia mwanamke mmoja, na sasa alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mzito mpaka mlangoni akaambiwa nyumba siyo hii. Mama Pindo aliinama, akaiokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Pacha wako wapi?" aliuliza.

"Kwa mama yangu."

"Wananyonya nini?"

"Ya kopo. Mmoja anakataa."

"Huyo anayekataa mpe kwa kijiko, usimlazimishe chupa. Mdogo wangu alilea hivyo." Akampa kofia. "Pole, baba."

Mume aliipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno, pengine kuomba msamaha, lakini kilichotoka kilikuwa kwikwi. Inspekta aliwaacha wamesimama hivyo, akaingia chumba cha mahojiano na kufunga mlango.

Mkuu wa manunuzi alikuwa amevua koti. Bila koti alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye tumbo.

"Mwanasheria wako yuko njiani," alisema Inspekta akikaa. "Akifika atakuambia unyamaze, na atakuwa sahihi. Kabla hajafika nakuuliza jambo moja. Sikuulizi nani alikuuzia. Huyo nitamtafuta, hata kama nimestaafu nitamtafuta. Nakuuliza katoni nyingine ziko wapi."

"Sijui unachozungumzia."

"Ankara imetaja katoni nyingi. Stoo zilifika chache. Hukuzitupa, ulizigawa. Kwa nani?"

Nje mtu alikuwa anasukuma pikipiki iliyogoma kuwaka.

"Unao watoto?" Inspekta aliuliza.

"Usinifanyie hivyo."

"Basi sikufanyii. Nimechoka, na wewe umechoka. Saa hizi kuna mama mahali fulani ameshatundikiwa. Ukinyamaza mpaka mwanasheria afike, huyo ni wa pili. Wa kwanza utasema hukujua. Wa pili utasema nini?"

Mkuu aliangalia mlango. Akaangalia mikono yake, ambayo sasa haikutulia hata kidogo.

"Utaandika kwamba nimesema mwenyewe?"

"Naandika. Sema."

"Zahanati ya wazazi. Ile ya nyuma ya stendi. Zote zilienda pale."

Inspekta alikuwa ameshanyanyua mkono wa simu ya mezani. Koplo alimtajia namba. Iliita kwa muda mrefu, kisha muuguzi akapokea, sauti imelegea kama ya mtu aliyesimama tangu alfajiri.

"Polisi hapa. Dripu mlizopokea mwezi huu, zenye kifuniko cha kijani. Kuna mgonjwa mmemwekea?"

"Wapo, ndiyo. Kwa nini?"

"Zitoe. Zote. Sasa hivi, binti yangu, usimsubiri daktari."

"Lakini afande—"

"Zitoe!"

Simu upande ule iliwekwa mezani bila kukatwa. Inspekta alisikia viatu vya muuguzi vikikimbia juu ya sakafu, sauti yake ikiita wenzake, chuma kikianguka, mtoto mchanga akianza kulia na mwingine akimfuata. Alibaki ameukandamiza mkono wa simu sikioni, macho amefumba, akisikiliza. Mkuu wa manunuzi alisogeza kiti mbele, asikie na yeye.

Viatu vikarudi, safari hii polepole.

"Tumetoa zote," alisema muuguzi, akihema. "Walikuwa watatu. Wawili hawana neno."

"Na wa tatu?"

"Ameanza kutetemeka."